Mhariri, kompyuta ikikisia ituambie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua ndefu huwa mnazikata lakini hii mnivumilie, nimeiandika usiku nikiwa na hasira kidogo na hasira zenyewe zimeanzia kwenye makala yenu ya teknolojia, ile iliyosema kompyuta siku hizi zinaona kuliko binadamu na kwamba picha yoyote mbovu inaweza kurudishwa ikawa kama ilivyokua siku inapigwa. Hayo ya mwisho ndo yamenikaa kooni. Hairudishwi jamani. Inachorwa upya, na kurudisha na kuchora upya ni vitu viwili ambavyo hata havifahamiani. Nasema hivyo kwa sababu mimi kazi yangu ni hio hio, kuskani na kusafisha picha za zamani za watu, na tafiti za hawa jamaa wa grafiki na wa kuifundisha kompyuta kuona huwa nazifuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Ngoja niwape kisa. Shangazi yangu alinitumia picha moja ya kundi, watu wamepangwa mistari mitatu, wa mbele wamekaa chini, wa nyuma wamesimama juu ya benchi, na bibi yangu yuko huko nyuma kabisa, wa pili kutoka kulia. Ndo picha pekee tuliyonayo ya bibi akiwa kijana. Karatasi yenyewe ilishapotea, iliyobaki ni picha ya simu iliyopigwa juu ya ile karatasi na simu ya kamera dhaifu, afu ikatumwa, ikatumwa tena, mpaka ikachoka. Nikaivuta kwenye kompyuta mpaka sura ya bibi ikajaa skrini, nikahesabu: pikseli 14 upana, 18 urefu. Yaani vimraba 252 basi, na humo ndo kuna macho, pua, mdomo, paji la uso, kila kitu. Jicho la kushoto lilikua vimraba viwili vyeusi na kimoja cha kijivu.

Mtu mwenye akili timamu angesema hapa hamna kazi. Lakini shangazi anasubiri, nikachukua programu moja ya kusafisha sura (jina sitaji, ziko nyingi na zote ni ndugu) nikaitupia ile picha. Sekunde kama kumi hivi. Akatoka mwanamke bwana! Kope moja moja, meno yamepangika, nywele unaona uzi kwa uzi. Nikamtumia shangazi haraka haraka nikisubiri kusifiwa. Akakaa kimya dakika kama tano, afu akatuma sauti: "Mwanangu, huyu mama ni mzuri kweli, lakini ni nani? Mama alikuwa na kidoti juu ya nyusi ya kushoto. Umekipeleka wapi?"

Nikarudi kwenye ile picha mbovu. Kidoti kipo. Pikseli moja, moja tu, juu ya lile jicho, nyeusi kuliko jirani zake. Programu ilikiona ikadhani ni uchafu wa karatasi, ikakipangusa.

Sasa naomba wasomaji wenu waelewe kinachofanyika humo ndani, maana sio uchawi na wala sio akili kwa maana tunayoijua sisi. Modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, inafundishwa kwa picha nyingi mno za sura, kila picha nzuri inafinywa ikawa ndogo mbaya, afu modeli inaambiwa haya, ukipewa hii ndogo nitolee ile kubwa. Ikirudia hivyo mara zisizohesabika inajua sura za watu kwa kawaida zikoje. Tatizo ni kwamba sura maelfu kwa maelfu tofauti kabisa ukizifinya sana zinatoa vimraba vile vile, kwahiyo ukiipa vimraba haina njia ya kujua vilitoka kwa nani, inachagua tu anayeelekea kuwa. Na anayeelekea kuwa hana kidoti, kwa sababu watu wengi hawana.

Mfano mzuri wa hili uko wazi kabisa na ni wa mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani walitoa mfumo unaoitwa PULSE, unaupa sura ya pikseli 16 kwa 16 unakutolea ya 1024 kwa 1024. Pigeni hesabu wenyewe, kila pikseli moja iliyoingia zinatoka 4,096. Watu wakaanza kuuchezea, mmoja akauingizia picha iliyofinywa ya Barack Obama, yaani hata ikiwa vimraba mtu yeyote anamjua, ikatoka sura ya mzungu. Dunia ikacheka, wengine wakakasirika, lakini mimi nilichokiona cha kutisha ni kwamba kwa kipimo chake yenyewe ile mashine haikukosea! Kazi yake ilikua kutafuta sura ambayo ukiifinya inarudi kwenye vimraba vile vile, na yule mzungu ukimfinya anarudi karibu kabisa na vile vimraba. Hesabu imetimia, mtu siye. Na kwa nini ikachagua mzungu, tunajua, inachota kwenye sura ilizolishwa, na zilizokua nyingi humo ndo hizo. Miaka miwili kabla, 2018, watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa kuangalia sura, kwa wanaume weupe mfumo uliofanya vibaya zaidi ulikosea asilimia 0.8, kwa wanawake weusi makosa yakafika asilimia 34.7. Bibi yangu angeangukia wapi kwenye hizo namba nawaachia wenyewe.

Mtu ataniambia aah, hizo ni sura tu, picha za kumbukumbu, nani anaumia. Haya, tuende kwenye namba. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kitu ambacho mpaka leo nikikiwaza napata baridi. Ramani ya nyumba iliskaniwa kwenye mashine ya ofisi ya Xerox, kila chumba kimeandikwa ukubwa wake. Nakala ikatoka safi, herufi zimesimama, hakuna doa hakuna ukungu, ila vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote vimeandikwa mita za mraba 14.13, wakati kwenye karatasi kimojawapo ni 21.11. Kilichotokea ni kwamba mashine ili ipunguze uzito wa faili ilikua inakata kurasa kwa vipande vidogo vya maumbo, ikiona vipande viwili vinafanana inahifadhi kimoja tu na kukibandika sehemu zote mbili. Kwahiyo 6 ikikaa vibaya inageuka 8, namba nzima inahama chumba. Xerox ikabidi watoe marekebisho ya programu. Na hapo hatujaongelea akili mnemba hata kidogo, ni ubanaji wa faili tu wa kizamani. Skana za nyuma zikishindwa zilikua zinatoa tope, unaona tope unajua hapa sijui, unaenda kuangalia karatasi. Hii haikutoa tope. Ilitoa jibu.

Na hapo ndo ilipo hoja yangu yote Mhariri. Zamani huduma ya kutuma au kutunza picha ikibanwa na mtandao au nafasi ilikua inapunguza ubora. Siku hizi ikibanwa inabuni, na haisemi.

Chukua video. Hizi tunazoangalia kwenye simu kila siku zinakwenda kwa mtindo wa kujirekebisha, kuna kiwango kinaitwa DASH kilichotoka 2012, video inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kimewekwa kwenye seva kwa ubora tofauti, simu ndo inachagua kipande kijacho ichukue kipi ikiangalia intaneti ina kasi gani na kwenye baffa, ile akiba ya video iliyokwishapakuliwa, zimebaki sekunde ngapi. Mtandao ukilegea unashushwa ngazi, picha inakua vibox, ukirudi unapandishwa. Mimi ule mtindo sina ugomvi nao hata chembe. Ukiona vibox unajua mtandao mbovu, unajua huyu unayemuangalia sio kwamba ana uso wa mraba.

Lakini Oktoba 2020 kampuni ya NVIDIA, watengenezaji wa kadi za grafiki, walitangaza mfumo wa Maxine wa simu za video, na huo mantiki yake ni nyingine kabisa. Badala ya kutuma picha yako kila fremu (zile picha moja moja zinazounda video), inatumwa picha moja mwanzoni, baada ya hapo zinatumwa pointi tu, kona ya jicho iko hapa, ncha ya pua hapa, mdomo umefunguka hivi, na kompyuta ya upande wa pili inakuchora wewe kwa kufuata hizo pointi. Wenyewe walisema data inaweza kushuka mpaka moja ya kumi ya ile inayotumiwa na mfumo wa kawaida wa kubana video, H.264. Ni kazi nzuri sana na siibezi, angalieni jinsi vitu vitatu vilivyounganika, kuona kunatafuta pointi, grafiki inachora, huduma inajipima kwa mtandao uliopo. Mtu mwenye intaneti ya kusuasua ataongea na mwanae akamuona vizuri. Ila unayemuona ni mchoro. Kitu ambacho hizo pointi hazikukibeba hakikusafiri. Daktari akimuangalia mgonjwa kupitia mfumo kama huo akatafuta weupe wa midomo au manjano ya macho, anaangalia rangi za ile picha moja ya mwanzoni, na skrini haina hata alama ndogo kwenye kona ya kumwambia hivyo.

Sio kila kubuni ni kubaya, nisieleweke vibaya. Kwenye gemu acha ibuni mpaka ichoke. Toleo la 2025 la DLSS, programu ya hao hao NVIDIA ya kukisia picha za gemu, kwenye kila fremu 4 unazoziona kadi ya grafiki inaweza kuwa imechora moja kwa njia ya kawaida, tatu zimekisiwa katikati, na kwa kuwa joka la kwenye gemu tangu mwanzo halipo, amedanganywa nani?

Na kuna tafiti zingine ambazo ubovu wake ndo uzuri wake. Mwaka 2020 watu wa vyuo vikuu vya Berkeley na San Diego huko California na wa Google walileta mfumo wa NeRF, unapiga picha kadhaa za kitu kutoka pande tofauti, mtandao wa neva (sio intaneti, ni aina ya modeli) unajifunza ukiwa umesimama hapa ukaangalia kule utaona rangi gani, afu unaweza kuzunguka ndani ya ile sehemu kama uko pale. Tatizo ilikua nzito, kila pikseli mtandao unaulizwa maswali zaidi ya mia mbili, ukija kumaliza picha moja umeuliza zaidi ya milioni 100, na kufundisha sehemu moja tu ilikula siku nzima au mbili. Mwaka 2023 wakatokea watu wa taasisi za utafiti, Inria ya Ufaransa na wenzao wa Max Planck ya Ujerumani na Gaussian Splatting, wakaachana na maswali, wakaijaza ile sehemu madoa laini ya rangi, mamilioni, kila doa lina mahali pake, umbo lake, rangi yake na kiasi cha kupitisha mwanga, unayarusha tu kwenye skrini kwa mpangilio, picha zaidi ya 30 kwa sekunde.

Nilijaribu na kiti changu cha kazini. Nikakizunguka na simu nikirekodi, nikaacha kompyuta ikokotoe, ikatoka kiti kabisa, hadi ule mpasuko wa ngozi kwenye mkono wa kulia. Lakini chini ya kiti sikurekodi, nilikua mvivu kuinama. Nikakigeuza kwenye skrini niangalie chini: mawingu, mabaka ya kijivu yanaelea, miiba miiba ya rangi. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu ana adabu, mahali ambapo hakupelekwa anasema sikwenda. Sasa tafiti za karibuni zinaenda kuziba hayo matundu, CAT3D ya Google ya 2024 inaweza kukutengenezea 3D, yaani umbo la kuzungukwa pande zote, hata kutoka picha moja, upande ambao haukuonekana inauota yenyewe. Inapendeza sana machoni. Kiti changu kingepata chini safi, na fundi akitaka kukitengeneza angekuja na skrubu za kiti ambacho hakipo.

Msinijibu kwamba haiwezekani kufanya vingine, inawezekana na imeshafanyika. Ile picha ya shimo jeusi la katikati ya galaksi ya M87 iliyotoka tarehe 10 Aprili 2019, mliichapisha na nyinyi ukurasa wa mbele kama sikosei, ilijengwa kwa mtandao wa darubini za redio zilizotawanyika duniani, na data zilikua nyingi kiasi kwamba intaneti haikufaa, diski zilipandishwa ndege. Hata na hizo darubini sehemu kubwa ya picha haikupimwa, lazima kompyuta ijaze. Yaani ni shida ile ile ya bibi yangu ila angani. Wakafanyaje? Walijigawa timu nne, wakakatazwa kuongea kati yao, kila timu ikajenga picha yake, wakaja kuzilinganisha siku moja, zote nne zina pete. Na hawakuishia hapo, algoriti zao, yaani kanuni za hesabu za kujenga picha, walizilisha anga za uongo walizozitunga wenyewe, moja pete, moja sahani iliyojaa, moja mabonge mawili, wahakikishe ukiingiza sahani inatoka sahani, maana algoriti inayotoa pete hata ukiilisha sahani haijaona kitu, inaimba wimbo inaoujua. Shangazi yangu angewaelewa hao watu mara moja.

Na kwa vitu vya kawaida pia njia zipo. Watafiti wa Cambridge walishaonyesha tangu 2017 kwamba mtandao wa neva unaweza kutoa majibu na pembeni ukatoa picha ya pili inayoonyesha kwa kila pikseli una uhakika kiasi gani. Kuna na kiwango cha C2PA kilichoanzishwa 2021 na kina Adobe, Microsoft na BBC, kinaibandikia picha historia yake yenye saini, imepigwa na nini, imeguswa na programu gani, ingawa mtu akipiga tu picha ya skrini historia yote inabaki nyuma. Kwahiyo ufundi upo, kisichokuwepo ni nia, kwa sababu picha yenye alama ya hapa nimekisia haiuziki kama ile inayong'aa kila kona. Programu iliyomfuta bibi yangu kidoti ingeweza kupaka lile paji la uso rangi nyepesi ikasema huku sina hakika. Ningeangalia, ningekiona.

Sasa nije kwenu. Ile picha mliyoweka juu ya makala yenyewe, mzee amevaa miwani anaangalia kompyuta, ikuzeni mwone. Mkono wa kulia wa miwani unaenda vizuri nyuma ya sikio, wa kushoto unaishia kwenye shavu, umezama humo kama msumari. Chini yake hamkuandika kitu. Siwalaumu kwa kuitumia, siku za magazeti ni fupi, lakini mstari mmoja wa maandishi madogo wa kusema imechorwa na kompyuta ungewagharimu nini? Na zile picha za zamani mnazoweka kwenye kurasa za historia, ambazo naona siku hizi zimeanza kung'aa ghafla watu wote wana ngozi ya mtoto mchanga, nazo pia semeni, na ile ya asili ikiwezekana iwekeni pembeni hata kama ni ndogo.

Shangazi nilimuomba radhi. Nilirudi kwenye zile pikseli 252 nikafanya kazi ya mkono tu, nikapunguza unjano, nikaongeza mwanga kidogo, basi. Akaniuliza kama naweza kuichapisha kubwa iwekwe ukutani, nikamwambia haiwezi kuwa kubwa shangazi, ikizidi kiganja anakua vibox. Akasema ya kiganja inatosha. Ameiweka kwenye fremu ndogo karibu na kitanda, sura haieleweki vizuri lakini kidoti kipo, ukijua pa kuangalia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mskani picha